Mshahara wa Mkuu na Haki ya Hazina: Utafiti wa Profesa Balsam katika Mizani ya Fiqhi

Kila sifa njema ni Zake Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Swahaba zake na wote wenye kufuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, makala hii imezaliwa na swali. Baada ya darsa moja hapa Ifakara, kijana mmoja mwenye kununua mpunga vijijini na kuuza mchele mjini aliuliza hivi: "Ustadhi, mimi nikipita getini nalipa ushuru kwa kila gunia, nikipata faida au nikipata hasara. Lakini nasikia makampuni makubwa hutoa kwanza mishahara ya wakubwa wao, mamilioni kwa mamilioni, ndipo yanahesabiwa kodi kwa kile kilichobaki. Je, mimi nikipita njia ya porini usiku nikalikwepa geti, nina dhambi gani kuliko wao?"

Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Swali hilo si la kuchekwa. Ndani yake mna mambo matatu ambayo wanafunzi wa fiqhi huyasoma katika milango tofauti: ujira wa mwenye kusimamia mali ya watu, haki ya hazina ya umma, na hukmu ya kujibu dhulma kwa udanganyifu. Anayetaka kulijibu kwa uadilifu hana budi kwanza kujua jambo lenyewe lilivyo, kwani wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Kwa sababu hiyo tumeona tuupitie utafiti wa mtu aliyelipima jambo hili kwa hesabu, tuone alipopatia, alipopungukiwa, na sisi wa bonde la Kilombero tunachukua nini kwake.

UTAFITI WENYEWE

Mtafiti ni Profesa Steven Balsam, mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, Marekani. Ameandika kwa miaka mingi juu ya malipo ya wakuu wa makampuni, na mwezi Agosti 2012 taasisi ya Economic Policy Institute ya Washington ilichapisha waraka wake juu ya uhusiano wa malipo hayo na kodi. Waraka huo ndio tunaoutazama hapa.

Ili kuufahamu ni lazima turudi mwaka 1993. Katika mwaka huo, zama za Rais Bill Clinton, Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachojulikana kwa namba yake, 162(m). Kifungu hicho hakikuzuia kampuni kumlipa mkuu wake kiasi chochote itakacho. Kilisema tu kwamba kampuni inayouza hisa zake kwa umma haitaruhusiwa kuhesabu zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, kwa kila mmoja wa wakuu wake wachache wa juu, kuwa ni gharama ya kupunguzwa katika pato linalotozwa kodi. Kinachozidi hapo kampuni ilipe kwa hiari yake, lakini hazina isichangie.

Sheria hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Malipo yaliyoitwa "ya utendaji", yaani bonasi zilizofungamanishwa na malengo, pamoja na haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei iliyowekwa tangu zamani, hayakuhesabiwa ndani ya ukomo huo. Tuchukue mfano wa kampuni iliyomlipa mkuu wake dola milioni 10, milioni 1 ikiwa mshahara na milioni 9 ikiwa malipo ya utendaji. Kampuni hiyo ilipunguza zote 10 katika pato lake. Kwa kiwango cha kodi cha asilimia 35 kilichokuwapo wakati ule, zile milioni 9 peke yake ziliipunguzia kodi ya dola milioni 3.15.

Profesa Balsam akachukua takwimu za makampuni akazijumlisha. Makadirio yake ni kwamba katika miaka minne, 2007 hadi 2010, hazina ya Marekani ilikosa takriban dola bilioni 30 za kodi ya makampuni kwa sababu ya kupunguzwa malipo ya wakuu, na zaidi ya nusu ya malipo hayo yalipita katika mlango ule wa utendaji. Ukomo uliowekwa ili kuzuia malipo makubwa haukuyazuia. Yalibadilisha jina yakaendelea kukua.

ALIPOPATIA

Ni haki kumsifu mtu kwa alichokifanya vizuri, hata kama si wa dini yetu, kwani uadilifu ni wajibu kwa kila mtu. Profesa huyu amefanya jambo ambalo wahubiri wengi hatulifanyi: amehesabu. Hakutosheka kusema kwamba wakubwa wanakula sana. Ameonyesha kwa namba njia ambayo mali inapita, kituo kwa kituo, tangu mkataba wa mkuu hadi hazina ya umma.

Pia ametoa somo ambalo mwanafunzi wa fiqhi atalitambua mara moja, nalo ni somo la hila. Wanazuoni wetu waligawanyika juu ya hila za kisheria. Wapo walioangalia sura ya nje ya mkataba, na wapo walioangalia makusudio yake, lakini wote walijua kwamba sheria yenye ukomo na ruhusa pembeni yake itavuta watu wote kwenye ruhusa. Kifungu cha mwaka 1993 ni ushahidi mzuri wa jambo hilo. Wamarekani wenyewe walikuja kuufunga mlango ule kwa sheria ya kodi ya Desemba 2017, isipokuwa kwa mikataba ya zamani. Hata hivyo sheria hiyohiyo iliishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, kwa hiyo mkono mmoja ulifunga na mwingine ukafungua.

Pamoja na sifa hizo, utafiti huu una upungufu wa aina tatu. Wa kwanza ni wa hesabu, na wawili ni wa msingi.

UPUNGUFU WA KWANZA: KITANGA KIMOJA CHA MIZANI

Hesabu ya dola bilioni 30 inatazama kodi ya kampuni. Lakini dola anayolipwa mkuu haipotei hewani, kwani yeye naye hutozwa kodi ya mapato. Katika miaka ile ya 2007 hadi 2010, kiwango cha juu cha kodi ya mtu binafsi Marekani kilikuwa asilimia 35, sawasawa na cha kampuni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichokosekana mkono wa kulia kilipatikana mkono wa kushoto. Anayesoma bilioni 30 kama hasara halisi ya hazina atakuwa amepima kwa kitanga kimoja.

Sisemi hivi ili kuwatetea wenye kulipwa mamilioni. Nasema kwa sababu jambo hili likieleweka linatufungulia macho tuone mahali ambapo uvujaji wa kweli upo kwetu. Tazama hali ya Tanzania. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, na kiwango cha juu cha kodi ya mshahara ni asilimia 30 vilevile. Kampuni ikimlipa meneja anayeishi Kidatu au Dar es Salaam shilingi milioni 100, kodi ya kampuni inapungua milioni 30, lakini meneja naye anakatwa kiasi kinachokaribia hicho. Hazina haipotezi kitu kikubwa.

Sasa badilisha mfano. Shilingi milioni 100 hazilipwi kwa meneja aliyepo nchini, bali zinatumwa kwa kampuni dada iliyopo nje zikiitwa ada ya uongozi na utaalamu. Kodi ya kampuni inapungua milioni 30 ileile, lakini kinachozuiliwa kama kodi ya ada inayokwenda kwa asiye mkaazi ni asilimia 15 kwa kawaida, yaani milioni 15. Nusu imekwenda. Tena kama serikali ina hisa asilimia 25 katika kampuni hiyo, imepoteza mara ya pili. Zile milioni 100 zingebaki kuwa faida, baada ya kodi zingebaki milioni 70, na fungu la serikali katika gawio lingekuwa milioni 17 na nusu.

Profesa Balsam hakukusudia kuandika juu ya Afrika, na hatumlaumu kwa hilo. Lakini wasomaji wake wa huku wanaonakili hitimisho lake bila kugeuza hesabu watawapigia kelele mameneja wanaokatwa kodi hapahapa, na wataiacha njia ambayo mali inavukia mpaka.

UPUNGUFU WA PILI: NI NANI ANAYEPIMA UTENDAJI?

Utafiti unayachukua maneno "malipo ya utendaji" kama yalivyo, kisha unauliza yamepunguza kodi kiasi gani. Fiqhi inaanza kabla ya hapo. Inauliza: utendaji gani, umepimwa na nani, na lini?

Katika Qur'an, mwanzo wa Suratul Mutaffifin, Allah (S.W.) amewatishia maangamizi makubwa wanaojipimia kamili wanapochukua na kupunguza wanapowapimia wengine. Sisi wa bonde hili tunaijua maana ya aya hizo bila tafsiri ndefu, kwa sababu tunaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na soko linaendelea nalo. Mnunuzi anayekuja na gunia lake, debe lake na bei yake, ndiye mpimaji na ndiye mfaidikaji. Basi mkuu wa kampuni ambaye bonasi yake inategemea faida, na faida hiyo inatokana na vitabu vinavyotengenezwa chini ya usimamizi wake, tofauti yake na mwenye lumbesa ni ipi? Kampuni ya Enron ya Marekani, iliyoanguka mwaka 2001, iliwalipa wakuu wake kwa faida iliyokuwepo kwenye karatasi tu, na wafanyakazi wa kawaida wakapoteza akiba zao za uzeeni.

Fukahaa wa madhehebu yetu ya Shafi walilijua jambo hili katika mlango wa qiradh, ambayo wengine huiita mudharaba: mtu anatoa mtaji na mwingine anafanya kazi, kisha wanagawana faida. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj ambayo mashekhe wa pwani yetu wameisomesha vizazi kwa vizazi, ameeleza kwamba kwa kauli iliyo dhahiri zaidi mfanyakazi hamiliki fungu lake la faida kwa kuonekana kwake tu, bali kwa kugawanywa. Na hasara ikitokea, hufidiwa kwanza kutoka katika faida kabla mfanyakazi hajapata chochote. Vilevile hajigharimii matumizi yake kutoka katika mtaji anapokuwa mjini kwake, na kwa kauli iliyo dhahiri zaidi hata anapokuwa safarini.

Zingatia hekima ya masharti hayo, ndugu msomaji. Faida iliyoonekana kwenye daftari haijawa mali ya msimamizi. Bonasi ya mwaka huu haiwezi kulipwa na kusahauliwa huku hasara ya mwakani ikibaki kwa wenye mtaji peke yao. Kama kanuni hizi zingewekwa katika mikataba ya wakuu, sehemu kubwa ya malipo ambayo Profesa Balsam ameyahesabu isingefika kwenye swali la kodi.

UPUNGUFU WA TATU: NI NANI ANAYEUPANGA MSHAHARA?

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu wapo wanaochukua dalili wakaziweka pasipo mahali pake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kutoka kwa Mustawrid bin Shaddad (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimruhusu mwenye kutumikia umma ajipatie mke, mtumishi na makazi ikiwa hana, na akaonya kwamba anayechukua zaidi ya hayo ni mwenye kuhini au mwizi. Na katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kimepokewa kisa cha Ibn Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na mali akidai kwamba hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akakasirika, akauliza hadharani kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfikia.

Je, dalili hizi zinamhusu mkuu wa kampuni binafsi? Mwenye kusema ndiyo moja kwa moja amefanya qiyasi penye tofauti. Hadithi hizi ni za mtumishi wa umma, na mwajiri binafsi ana haki ya kutoa ujira mkubwa kwa mali yake, maadamu ni kwa kuridhiana, ujira unajulikana na kazi ni ya halali. Qur'an katika Suratun Nisaa, aya ya 29, imeihalalisha biashara ya kuridhiana. Hatuna dalili ya kuweka ukomo wa ujira kwa tajiri anayelipa kutoka mfukoni mwake.

Lakini kampuni kubwa ya leo si tajiri mmoja mwenye mfuko wake. Wenye hisa ni maelfu, na mkuu ni wakili wao. Katika mlango wa wakala, Minhaj inasema wakala hajiuzii mwenyewe mali aliyokabidhiwa, wala hamuuzii mtoto wake mdogo, kwa sababu mtu mmoja hawezi kusimama pande zote mbili za mkataba. Mkuu anayekaa na bodi aliyoshiriki kuichagua, ikampangia malipo naye akawapangia posho, amesimama pande zote mbili. Hapo ndipo kuridhiana kunapotiliwa shaka, si katika ukubwa wa namba.

Umar bin Khattab (R.A.) aliweka kipimo chake kwa mali ya umma: alijifananisha na msimamizi wa mali ya yatima, ambaye katika Suratun Nisaa, aya ya 6, ameamrishwa ajizuie akiwa tajiri, na akiwa fukara ale kwa kadiri ya desturi njema. Alikuwa pia akiandika mali za magavana wake anapowateua, na ziada isiyoelezeka aliirudisha Baitul Mal. Ukaguzi huo ulikuwa wa kuangalia nani anajipangia, nacho ndicho kitu ambacho utafiti wa Marekani umekiacha.

Nchini kwetu, mwaka 2016, Rais John Magufuli alitangaza kwamba wakuu wa mashirika ya umma wasilipwe zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, wakati ambapo baadhi yao walikuwa wakifikia milioni 40. Kauli hiyo ilikuwa karibu zaidi na roho ya hadithi ya Mustawrid kuliko kifungu cha 162(m), kwa sababu iligusa malipo yenyewe na iliwahusu watumishi wa umma. Lakini ukomo bila ukaguzi wa posho, safari na nyumba ni sawa na kuziba tundu moja la chujio.

BONDE LA KILOMBERO

Tulete sasa maneno haya nyumbani. Kampuni kubwa kuliko zote bondeni kwetu ni ya sukari. Viwanda vyake vya Msolwa na Ruembe vimesimama pande mbili za mto Ruaha Mkuu, kule Kidatu. Mwaka 1998 serikali iliibinafsisha, wenye mitaji wa nje wakiongozwa na Illovo ya Afrika ya Kusini wakachukua asilimia 75, na serikali ikabaki na asilimia 25. Mwaka 2006 Associated British Foods ya Uingereza ilinunua zaidi ya nusu ya Illovo, na mwaka 2016 ikaimaliza yote. Kwa hiyo mkulima wa miwa wa Kidatu, mwenye kulipwa kwa uzito wa miwa yake na kiwango cha sukari kinachopimwa ndani yake, yuko katika mnyororo mmoja na bodi inayokutana London.

Hapa pana jambo la kutafakari. Sheria ya Uingereza inaitaka kampuni kubwa ya namna hiyo, inayouza hisa kwa umma, itangaze malipo ya wakurugenzi wake kila mwaka, na kwa mahesabu ya miaka iliyoanzia 2019 inataka itangaze pia mkuu analipwa mara ngapi zaidi ya mfanyakazi wake wa kati aliyepo Uingereza. Mkata miwa wa Msolwa hamo katika uwiano huo. Jasho lake linaingia katika faida lakini haliingii katika ulinganisho.

Hatuituhumu kampuni hii kwa ukwepaji wowote, kwani kutuhumu bila ushahidi ni dhulma, na si kila ada inayokwenda nje ni hila: mtaalamu wa kweli anastahili ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwaka 2013 shirika la ActionAid lilitoa ripoti juu ya kampuni dada ya Zambia, likidai kwamba malipo kwa makampuni ya kundi hilohilo yaliyopo nje yalipunguza kodi ya Zambia. Kampuni iliyakana madai hayo, na sisi si makadhi wa kesi hiyo. Tunachosema ni kwamba serikali yetu, yenye robo ya hisa, ni mshirika, na mshirika ana haki ya kusoma daftari. Tanzania imekuwa na kanuni za bei za miamala baina ya makampuni ndugu tangu mwaka 2014, zikatungwa upya mwaka 2018. Msajili wa Hazina anayesimamia hisa za umma yuko katika nafasi ya msimamizi wa yatima, na yatima mwenyewe ni hospitali, shule na barabara za bonde hili.

Kisha mtazame mkulima wa mpunga wa Mlimba, Mngeta au Mang'ula. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao juu ya bei. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, nao ulikuwa unafuu. Lakini msingi wake haukubadilika: unatozwa juu ya bei, hauulizi faida. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, ila kila mtu anajua kwamba mnunuzi huushusha katika bei anayompa mkulima. Mkulima aliyelima, akapalilia, akaamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi, hakati ujira wa mikono yake mwenyewe kabla ya ushuru. Kampuni inakata ujira wa mkuu wake wote. Kijana aliyeuliza swali aliiona tofauti hii kwa macho yake bila kusoma uhasibu, na katika hilo alisema kweli.

LAWAMA KWETU WENYEWE

Itakuwa si uadilifu kumkosoa profesa wa mbali tukajiacha. Tunayo makosa mawili.

La kwanza ni la baadhi yetu wanaosema juu ya mimbari kwamba kodi zote ni maks, na maks ni haramu, basi kukwepa ni halali. Maks iliyokemewa ni tozo ya dhulma. Ama wanazuoni wakubwa kama Imam Ghazali, na baada yake Imam Shatibi, waliruhusu mtawala kuwatoza wenye uwezo pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli, kwa sharti la uadilifu katika kuchukua na katika kutumia. Naye Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alipomwandikia Khalifa Harun Rashid kitabu chake cha Kharaj, hakufuta kharaj. Alikataza kuiuza kazi ya ukusanyaji kwa watu binafsi, kwa sababu watawakamua raia ili wapate ziada yao. Fatwa ya jumla kwamba kila kodi ni haramu haimsaidii mkulima. Wa kwanza kufaidika nayo ni yule mwenye mawakili na wahasibu wa kumtafutia njia.

La pili ni kwamba hatusomi mahesabu, hata yetu. Ni misikiti mingapi yenye nyumba za waqfu ambazo waumini hawajasomewa mapato yake kwa miaka? Ni kamati ngapi ambazo posho ya kikao hupangwa na wanaoipokea? Elimu ya uhasibu si elimu ya makafiri, bali ni elimu ya amana. Mkoa wetu wa Morogoro una Chuo Kikuu cha Waislamu, ambacho Profesa Mussa Assad, mwalimu wa uhasibu aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanzia 2014 hadi 2019, alikuja kuwa Makamu Mkuu wake. Vijana wetu wanaosoma huko wangeweza kuandika juu ya ada za uongozi, ushuru wa mazao na malipo ya wakuu kwa kuunganisha Minhaj na vitabu vya hesabu. Utafiti wa namna hiyo ungetufaa kuliko kunakili wa Philadelphia.

JAWABU LA KIJANA

Turudi kwa aliyeuliza. Kwa tunavyoona, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, jawabu lina sehemu tatu.

Kwanza, tofauti aliyoiona ni ya kweli na ana haki ya kuisema. Mfumo unaompa mwenye nguvu nafasi ya kukata kila gharama, ukamtoza mnyonge juu ya bei ghafi, unahitaji kurekebishwa, na wenye kusema hivyo barazani, kwenye vikao vya vijiji na mbele ya diwani wanatimiza wajibu wa kuamrisha mema. Suratul Hashr, aya ya 7, imetufundisha kwamba mali haitakiwi kuzunguka baina ya matajiri peke yao.

Pili, dhulma ya mwingine haihalalishi udanganyifu wako. Anayelikwepa geti usiku hamwadhibu mkuu wa kampuni wala hampunguzii senti. Anampunguzia muuguzi wa zahanati ya kijiji chake, na anamzidi kwa bei mfanyabiashara mwenzake aliyelipa. Kama atalazimika kutoa rushwa akikamatwa, ameongeza dhambi juu ya dhambi. Alipe kinachotakiwa kisheria, adai risiti, na akizidishiwa adai haki yake.

Tatu, aanze na gunia lake. Akiwa anaomba uadilifu wa vipimo kutoka London na Dodoma, naye asiwapimie wakulima wa Mngeta kwa lumbesa.

Nilipomweleza hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo la ushuru amelikubali, ila hili la lumbesa litamgharimu. Nikamwambia hapo ndipo hesabu yake inapoanzia.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku riziki ya halali, awaongoze wanaosimamia mali zetu, na atufanye miongoni mwa wanaopima kwa haki. Wabillahi tawfiq.